Boisterous, na Shida ya Kumpa Mtu Jina la Kelele

Mwaka wa 2016, nikiwa kidato cha pili, nilirudi nyumbani na ripoti ya mwisho wa muhula nikiwa nimeikunja mara nne na kuificha ndani ya soksi. Hisabati ilikuwa D+, lakini hiyo nilishaitungia hadithi njiani. Kilichonitia wasiwasi ni maoni ya mwalimu wa darasa, chini kabisa, kwa wino wa buluu: "A boisterous girl."

Tuliishi Majengo, Meru mjini, ambako Kiswahili kinatosha kuanzia kwa kinyozi hadi msikitini. Mathe aliachia shule darasa la sita. Kiingereza cha risiti na cha M-Pesa anakijua, cha walimu hapana. Alishika ile karatasi mbali kidogo na macho, akaweka kidole chake chenye harufu ya vitunguu juu ya neno lenyewe.

"Mama, hapa mwalimu anasema nini?"

Mimi ndiye "mama" hapo. Ananiita hivyo akiwa hajakasirika bado.

"Anasema mimi ni mchangamfu."

Akaitikia kwa kichwa. Kufikia Jumapili ploti nzima ilijua kwamba mwalimu wangu amesema mimi ni mchangamfu. Nilikuwa nimedanganya, lakini kwa miaka kadhaa sikujua ni kwa kiasi gani. Makala hii ni jaribio la kupima ule uongo.

Tuanze na neno lenyewe. Boisterous kwa Kiingereza cha leo ni mtu au kundi lenye kelele, nguvu na furaha, vyote vitatu kwa mpigo. Ukitoa furaha unabaki na mtu msumbufu. Ukitoa kelele unabaki na mtu mwenye tabasamu tu. Lakini neno halikuzaliwa na furaha. Asili yake katika Kiingereza cha zama za kati ni kitu kigumu, cha kukwaruza, kisicholainishwa. Baadaye likapewa bahari na upepo. Biblia ya King James ya 1611 inalitumia kwa ule upepo uliomtisha Petro akitembea juu ya maji hadi akaanza kuzama. Ukifungua Union Version ya Kiswahili mahali hapohapo, Petro anauona upepo, basi. Hakuna kivumishi. Msomaji wa Kiswahili anaachiwa aujaze upepo mwenyewe.

Furaha iliingia baadaye, watoto walipoanza kuitwa boisterous badala ya mawimbi. Lakini neno halijasahau bahari. Mtu akikuita boisterous anakupenda kidogo na anakuogopa kidogo. Anaona una uhai, na anatamani uhai huo upungue kabla ya kengele ya saa mbili. Sasa naamini mwalimu wangu hakunitukana, wala hakunisifu.

Kwa nini basi nilisema "mchangamfu"? Kwa sababu sikuwa na neno lingine, na nimelitafuta tangu siku hiyo.

Kiswahili hakina uhaba wa kelele za furaha. Tuna shangwe, nderemo, vifijo, hoihoi, shamrashamra. Tuna vigelegele, kelele ambayo mwanamke anaruhusiwa kuipiga kwa koo lote na hakuna anayemwambia akae vizuri. Matokeo ya KCSE yalipotoka mwishoni mwa 2018, mathe alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika hadi Makutano. Hakuna aliyemwita mwenye kelele. Walikuja kuuliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakapiga vyao.

Lakini yaangalie hayo maneno. Yote ni majina, na yote ni ya tukio. Harusi ina shamrashamra. Mtoto anapokelewa kwa nderemo. Timu inarudi kwa vifijo. Huwezi kusema "huyu ni msichana wa nderemo" bila mtu kudhani unamaanisha ni mpiga ngoma wa kukodi. Kelele ya furaha kwa Kiswahili ni kama hema la harusi: linasimamishwa, watu wanaingia, jioni linakunjwa. Hakuna anayeenda nalo nyumbani.

Ukitaka kumpa mtu mmoja kelele, kama sifa yake, furaha inatoweka. Atakuwa mwenye kelele, mwenye domo, mropokaji, msumbufu, mkorofi. Akiwa mtoto ataitwa mtundu, akiwa kijana mhuni. Methali nazo zimejipanga upande uleule. Debe tupu haliachi kuvuma. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bado sijapata methali inayomtetea chura.

Kwa upande wa pili wapo mchangamfu na mcheshi. Ni watu wazuri, tena unaweza kuwapeleka ukweni. Lakini uchangamfu unaweza kuwa wa salamu na macho tu. Mtu anaweza kuwa mchangamfu siku nzima bila kuamsha mtoto aliyelala. Kwa hiyo nilipomtafsiria mathe niliondoa kelele yote nikambakishia furaha. Nilimpa binti aliyepigwa pasi.

Vijana wa siku hizi tumejaribu kuliziba hilo pengo kwa kuazima. Tunasema "huyo dem ana vibe." Hapo kelele na furaha zimekaa pamoja bila kosa. Ila hata hiyo vibe ni kitu unachokuwa nacho. Leo unayo, kesho umeishiwa, kama bando. Lugha yetu bado inakataa kuibandika kelele kwenye ngozi ya mtu na kumpenda akiwa nayo.

Zamani niliona huu kuwa umaskini wa Kiswahili, hadi nilipoanza kuangalia Kiingereza chetu cha Kenya kinavyofanya kazi.

Kiingereza kina ngazi. Juu kabisa pana vivacious, binti wa watu fulani akicheka kwenye sherehe yenye vitambaa mezani. Chini yake pana lively. Katikati pana boisterous, watoto wa shule. Halafu pana rowdy. Rowdy ni mzaliwa wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 19, na kwanza lilikuwa jina, halikuwa kivumishi: a rowdy alikuwa mtu mkali wa huko mipakani asiyefuata sheria. Yaani tangu kuzaliwa kwake neno hili lilikuwa la aina ya mtu, na sauti ikafuata baadaye.

Kenya tumelipokea na kulipa kazi ya kudumu. Sikiliza habari za saa moja. Rowdy youth. Rowdy students. Rowdy touts. Rowdy fans. Maneno hayo yameshikana kama ugali na sukuma, hadi ukisikia la kwanza unajua la pili. Fanya jaribio: badilisha wenyewe. Jaribu "rowdy investors". Jaribu "rowdy bishops". Ulimi unakataa. Mashabiki wa derby ya Mashemeji wakiimba njiani kwenda uwanjani, hawakawii kuwa rowdy. Safari Rally iliporudi kwenye mbio za dunia mwaka wa 2021, na watu wakamiminika Naivasha na spika na makreti, tuliambiwa anga ni electric. Desibeli ni zilezile. Tofauti ni nani amekuja na gari lake.

Lakini jaribio ninalolipenda zaidi ni la Bunge. Wabunge wakipigiana kelele, wakirushiana makaratasi, mmoja akitolewa nje na maafisa, gazeti litasema kulikuwa na heated session. Kikao ndicho kilichopata joto. Redio za Kiswahili nazo zitasema "kikao kilishuhudia majibizano makali". Hebu ona, kikao kimeshuhudia, kana kwamba kilikuwa kimekaa pembeni na njugu. Waheshimiwa wenyewe hawajabandikwa chochote. Kelele yao imetundikwa kwenye tukio, kama shamrashamra, na jioni linakunjwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tofauti haiko kati ya Kiingereza na Kiswahili kama nilivyodhani. Lugha zote mbili zinajua njia mbili za kuongea kuhusu kelele. Ya kwanza inaitundika kwenye tukio, na tukio likiisha mtu anakwenda zake akiwa safi. Ya pili inaibandika kwenye mwili wa mtu, naye anatembea nayo hadi kwenye ripoti, hadi kwa mwajiri, hadi mbele ya askari. Wakubwa wanapewa ya kwanza. Makanga, wanafunzi na wasichana wa kidato cha pili wanapewa ya pili.

Naandika haya nikiwa Nchiru, na sijui kama ningeyaona nikiwa mahali pengine.

Nchiru ni mahali pa ajabu kwa mtu anayefikiria kelele. Ukitoka Meru mjini kwa barabara ya Maua unafika baada ya kilomita kama 15. Hapa ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Si mahali pa kupita ukipiga mluzi. Wazee wakikaa, anayeongea anaongea mmoja, na mamlaka yake yako kwenye utulivu wake. Na hapahapa Nchiru pana chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, na maelfu ya vijana ambao mamlaka yao pekee ni kwamba wako wengi na wana sauti. Barabarani pikapu za miraa zinapita zikipiga honi kama zinachelewa kuzaliwa. Stejini boda wanaitana. Usiku hosteli zinashindana kwa spika. Kati ya kimya cha wazee na makelele ya watoto hakuna hata kilomita nyingi za kutembea.

Nilifika kusoma hapa Septemba 2019. Kuna jina nililolisikia wiki ya kwanza kabla sijajua hata maktaba ilipo. Tarehe 27 Februari 2018, wakati wa maandamano ya wanafunzi wa chuo kikuu cha hapa, katibu mkuu wa chama chao, Evans Njoroge, alipigwa risasi akafa. Mojawapo ya malalamiko ya wanafunzi ilikuwa karo. Wale walionisimulia walikuwa mwaka wa pili au wa tatu, na hawakuwa wakisimulia kwa sauti ya juu.

Kivumishi hakifyatui bunduki, na sidai kwamba kinafyatua. Ninachosema ni kwamba kuna maneno yanayotangulia, yanayofagia njia. Mwanafunzi akisema "karo imepanda", hayo ni maneno, yanataka jibu. Wanafunzi mia tano wakiyasema kwa pamoja barabarani, aliye mbali anasikia mvumo tu. Akiuita ule mvumo rowdy, au akisema kwa Kiswahili cha redio kwamba "wamezua rabsha", amefanya kitu kikubwa kuliko kueleza sauti. Ametangaza kwamba ndani yake hakuna maneno, na kisicho na maneno hakijibiwi, kinatulizwa. Nyinyi mliokuwa tao Juni 2024 mnajua jinsi ya kutulizwa inavyonukia.

Kuna riwaya inayojua jambo hili vizuri kuliko gazeti lolote, nayo ni Going Down River Road ya Meja Mwangi, ya mwaka wa 1976. Ben na Ocholla wanajenga jumba la Development House mchana, na jioni wanakunywa Karara Centre. Kwa mtu anayepita nje, Karara Centre ni kelele tupu: walevi, matusi, chupa. Lakini Mwangi hakusimama nje. Ameliweka sikio la msomaji mezani, kati ya wanywaji, na kutoka hapo ile kelele inavunjika na kuwa watu. Huyu anadai, yule anadaiwa, mwingine hana pa kulala. Ndiyo maana riwaya hiyo, pamoja na uchafu wake wote, haiwadharau watu wake. Kelele ukiisogelea inakuwa maneno. Ukikaa mbali inabaki kelele, na utatafuta kivumishi.

Nikiishia hapo nitakuwa mwongo mara ya pili. Kuna kelele ambazo hata ukizisogelea hazina la kusema. Kuna jirani mwenye woofer ya sauti kubwa na wimbo mmoja. Kuna baa iliyoelekeza spika zake kwenye wodi ya wagonjwa. Nchi ina kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zenye vipimo vya desibeli vya mchana na vya usiku, na ni haki ziwepo, kwa sababu mtoto mchanga na mgonjwa hawawezi kuandamana. Sheria ya kipimo nakubaliana nayo. Mita haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Kivumishi huuliza.

Na mimi nilikiuliza pia. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokwisha na hamu ikafuata. Sikurudi Majengo. Nilibaki Nchiru kwenye bedsitter, naandika makala za watu wengine kwa malipo ya kila neno: matunda ya kupunguza kitambi, namna ya kuchagua godoro. Usiku mmoja, saa nane, nikiwa na kazi ya kuwasilisha alfajiri, ghorofa ya juu ililipuka. Muziki, miguu, mtu anapiga sufuria, wasichana wanapiga mayowe. Nilishika simu nikamwandikia keateka. Niliandika kwa Kiingereza, kama tunavyofanya tukitaka kuonekana tuna haki: "The tenants upstairs are rowdy. Please act."

Kelele zilikatika baada ya dakika ishirini. Nilimaliza godoro langu.

Asubuhi nikishuka kununua maziwa, mama wa kibanda aliniuliza kama nilisikia vigelegele. "Wale wasichana wa juu," akasema. "Kesho ndio mahafali. Mmoja ndiye wa kwanza kwao kumaliza chuo. Mamake alifika usiku kutoka mbali, ndio wakampokea."

Kwa hiyo ile sufuria ilikuwa ngoma, na yale mayowe yalikuwa vigelegele. Sauti ambayo mathe aliipiga kwa ajili yangu mwaka wa 2018, mama mwingine aliipiga juu ya kichwa changu, nami nikaitafutia neno baya na kuituma kwa mwenye mamlaka. Siwezi kusema sikuitambua kwa sababu ya ukuta. Vigelegele havifichwi na ukuta. Nadhani kuna sehemu yangu iliyoitambua vizuri sana, na ndiyo iliyoandika ule ujumbe. Sikuwa mbali na sherehe ile kwa mita. Nilikuwa mbali kwa mwaka mmoja wa karo.

Sikupanda kuomba msamaha. Nilikutana na yule binti kwenye ngazi akiwa amebeba joho kwenye mfuko wa plastiki, nikamwambia hongera. Akanishukuru kwa uchangamfu. Kwa uchangamfu, yaani kwa sauti ya chini.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu hadi Meru. Mathe anauza vitunguu na nyanya Gakoromone, na ukitaka kujua kelele inafaa nini, simama karibu na meza yake saa nne asubuhi. Kila meza ina wimbo wake wa bei. Asiyeita hauzi. Nimemsikia akiita tangu nikiwa mgongoni mwake, lakini sikuwahi kumwita boisterous, kwa sababu nilikuwa karibu sana. Nilisikia maneno: mbili hamsini, mama njoo, hizi ni za Timau, hizi hazina maji.

Nikamsaidia kupanga nyanya, halafu nikamwambia. Nilimkumbusha ripoti ya kidato cha pili. Nikamwambia lile neno halikuwa "mchangamfu". Lilimaanisha mchangamfu mwenye kelele, mwenye kelele nyingi, kama upepo wa baharini, na mwalimu alitaka nitulie.

Hakuacha kupanga. "Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nusu."

Akaiweka nyanya ya mwisho juu ya fungu, ile nzuri ambayo huwekwa juu kila mara.

"Mchangamfu asiye na kelele," akasema, "anauza nini?"

Halafu akanigeuzia mgongo, akavuta pumzi, akamwita mteja aliyekuwa upande wa pili wa soko.